Maji Yenye Harufu ya Javeli

Leo asubuhi nimefungua chupa ya javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, kufulia shati yangu ya masomo, na harufu yake imenirudisha mbio hadi siku ile robine, bomba la maji la avenue yetu, ilipofunguliwa. Jamani, furaha! Bomba lilikohoa, likatema kutu, halafu maji yakaruka! Sisi watoto tulipiga kelele kama treni ya Nyunzu imefika.

Lakini mama jirani alionja, akasikia harufu ya javeli, akatema. "Haya njo maji ya ospitali! Mimi narudi ku ziwa. Ziwa haiozake hata siku moja!"

Wamama wakacheka, wakaanza kuinua mabeseni yao. Kule ziwani tulichota palepale mutaro wa mutaa unapoingia, na mudogo wangu alikuwa amelala nyumbani, tumbo linamwendesha, midomo imekauka. Muganga alikuwa amemwambia Mama wazi: mutoto asipewe tena maji ya ziwa. Hata hivyo Mama naye alisita.

Mimi, niliyejificha siku zote nyuma ya kikwembe chake, nilijaza kikombe nikanywa yote mbele ya watu. Kisha nikacheua kwa sauti kubwa.

"Ee! Huyu mutoto mwenye haya njo anatupita?" Mama jirani alicheka mpaka machozi, akarudisha beseni yake chini ya bomba.

Mama naye alijaza ndoo, tukakimbia nyumbani, maji yakitulowesha miguu. Mudogo wangu alikunywa, akakunja uso, akanyoosha kikombe: "Ongeza, Mama."

Shati ya mudogo wangu imo humu ndani ya beseni pamoja na yangu. Siku hizi ni kubwa kuliko yangu.