Siku Tisa za Jua

Leo nimeamini shahada mbili hazitoshi kumfanya mtu awe mtu.

Petter, Mzungu wa chuoni kwetu, mjuaji wa wajuaji, katuletea grafu ya hali ya hewa ya Japani ya kale. Kaichora kutoka shajara ya karani mmoja.

Siku ambazo karani hakuandika kitu, yeye kazihesabu za jua. Eti.

Mwalimu wetu, mama wa Kijapani, akamuuliza taratibu: "Hata hizi tisa za mwisho?"

"Jua."

Mwalimu akafungua ukurasa uliofuata. Mwandiko wa mtoto wa karani: "Mvua. Tumemzika baba."

Siku tisa za jua, kumbe mtu anakata roho.



Petter kashika kalamu: "Basi hiyo siku niweke mvua?"

Nyie mngemjibu nini?

Mama yangu, hapa kwetu ughaibuni Norsborg, nilipomsimulia ya Petter kaacha kumenya ndizi, kaniuliza: "Kwani kwao hawafiwi?"