Dobi Ana Macho, Hana Mdomo

Mama Ndimu hakuzaa mtoto aitwaye Ndimu. Binti yake wa pekee ana jina zuri tu, na ameolewa mbali. Jina la Ndimu alilitunga mumewe, seremala, mwaka ule mkewe alipoacha kufua kwa dawa kali za chupa akaanza kurudi sokoni na vikapu vya ndimu mpaka nyumba nzima ikanukia uchachu. "Nilioa dobi, nimeamka nimelala na ndimu," alimtania. Utani ukashika. Majirani wakaudaka, wateja wakaudaka, na mwisho mwenyewe akawa anaitika.

Dawa za chupa aliziacha kwa sababu ya kifua cha huyo huyo mume. Mtu anashinda kwenye vumbi la mbao kutwa nzima, halafu akirudi kwake anapokewa na harufu inayokwaruza koo. Alikuwa akikohoa hadi anashika ukuta. Tena maji yale, yakimwagwa mtaroni, yalizikausha mboga za jirani wa nyuma, na jirani wa nyuma hakuwa mtu wa kunyamaza. Na vidole vyake Mama Ndimu vilikwisha kubabuka, ngozi inatoka kama ganda la kitunguu. Akasema basi. Akarudi kwenye yale aliyomwona mama yake akiyafanya alipokuwa mdogo, na mengine akayagundua mwenyewe kwa kuharibu nguo zake kwanza kabla ya kugusa za watu.

Kutu kwenye nguo nyeupe, chumvi na maji ya ndimu, kisha jua la saa sita. Mafuta, unga mkavu uachwe uyanywe kabla nguo haijaona maji. Kola iliyokolea jasho, magadi yaliyokorogwa mazito na mswaki uliochoka. Wino, ulowekwe kwenye maziwa usiku kucha. Majani, siki. Chai, magadi na maji ya moto yanayomiminwa kutoka juu, mkono umenyooka, kitambaa kimevutwa juu ya beseni. Na kila kitu kilijaribiwa kwanza kwenye pindo la ndani, pasipoonekana, maana alijua kwamba nguo ya mtu ni amana.

Damu ilikuwa na sheria yake. Maji baridi, chumvi na subira. "Ukiitia maji ya moto umeipika," aliwaambia wasichana waliokuja kujifunza kwake, "na damu iliyopikwa haitoki, hata ulie."

Lakini wateja hawakumpenda kwa ndimu peke yake. Walimpenda kwa sababu hakuuliza. Alipokea rangi ya midomo kwenye kola za waume za watu, akaitoa, akapiga pasi, akakunja. Alipokea pombe nyekundu kwenye kanzu ya bwana mmoja aliyeapa mbele ya mtaa mzima kwamba ameacha. Alipokea mashuka ya wazee waliojikojolea na ya mabibi harusi, na wote aliwarudishia yakiwa meupe na uso wake ukiwa mkavu. Dobi ana macho, hana mdomo: ndivyo alivyosema, na ndivyo alivyoishi kwa miaka ishirini na minne. Hata umbeya wa mtaa ulipopita mlangoni kwake, ulipita ukiwa na kiu.

Sheria nzuri, kwa nguo za watu wengine.

Jumatatu moja, akichambua nguo za nyumbani, alikuta leso ya mumewe ina doa dogo la wekundu, kubwa kama punje ya mahindi. Alilitazama. Akalinusa, kwa mazoea tu. Kisha akachota maji baridi, akatia chumvi, akailoweka. Mkono ulifanya kazi kabla moyo haujasema neno. Jioni leso ilikuwa kambani, nyeupe, na mumewe akaitoa kwenye kibanio akaikunja akaitia mfukoni.

Wiki iliyofuata zilikuwa mbili. Mwezi uliofuata doa lilikuwa la ukubwa wa yai, na lingine kwenye foronya. Mama Ndimu alifua. Kila akitaka kufungua kinywa, aliona aibu, kama mtu anayetaka kufungua barua isiyo yake. Alijiambia labda ni meno. Alijiambia mtu mzima ana haki ya siri yake, na akitaka kusema atasema. Naye seremala, akiona leso zinarudi safi na mke yuko kimya, alijiambia kwamba mkewe hajaona. Kuna ndoa zinavunjwa na maneno. Hii ilikuwa ikibomolewa na adabu.

Huyu mzee hakuwa mjinga. Alikuwa mwoga, na woga wake ulikuwa na sababu. Kaka yake mkubwa aliingia hospitali kwa miguu yake mwenyewe, akiwa na kikohozi tu, akatoka akiwa amebebwa. Tangu hapo seremala akiona joho jeupe hujikuta amevuka barabara.

Binti ndiye aliyewasukuma. Alikuja kusalimia, akamsikia baba yake akikohoa chooni, akaona suruali inavyoshikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu jipya. Hakutaka kusikia habari ya vumbi la mbao. "Kesho asubuhi, baba. Na mama unakwenda naye, maana huyu namjua, ataishia njiani."

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, na aliuliza maswali yake bila haraka. Kikohozi kilianza lini? Usiku unatoka jasho? Unakula? Seremala alijibu kama mtu anayepunguza mbao kwa randa: kidogo, kidogo, si sana.

"Na makohozi yana damu?"

"Hapana, binti yangu. Damu ya wapi? Ni vumbi hili la msumeno."

Daktari akamgeukia Mama Ndimu. "Mama, wewe ndiye unayeishi naye. Umeona damu popote? Kwenye leso, kwenye mto?"

Seremala akamtazama mkewe. Macho yake yalikuwa yanaomba, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwomba kitu kwa macho namna ile. Mama Ndimu aliziona leso zote, moja moja, zikielea kwenye beseni. Alijua siku, alijua idadi, alijua doa lilivyokuwa likipanuka wiki kwa wiki. Hakuna daktari duniani aliyekuwa na daftari kama lile alilokuwa nalo kichwani.

"Sijaona," akasema.

Wakapewa dawa ya kikohozi na karatasi ya kurudi baada ya wiki mbili kama hali haijabadilika. Nje, getini, mumewe alimshika mkono, jambo ambalo hakulifanya mchana tangu wakiwa wachumba.

Jumatatu iliyofuata leso zilikuwa safi.

Mama Ndimu alizigeuza pande zote mbili. Akazipeleka mlangoni kwenye mwanga. Hakuna kitu, jasho tu na unga wa mbao. Wiki ya pili, hakuna. Wiki ya tatu, hakuna. Foronya nayo nyeupe. Jamani, alifurahi! Alifua akiimba, akamkosesha jirani wa nyuma usingizi wa mchana. Mwili wa mume ulikuwa unaendelea kupungua, ndiyo, lakini yeye macho yake aliyafundisha kusoma vitambaa, na vitambaa vilisema mtu amepona. Karatasi ya kurudi hospitali ikabaki chini ya kopo la sukari.

Miezi mitatu baadaye seremala alianguka kwenye karakana yake, kichwa kwenye maranda, mdomo umejaa damu. Safari hii hakukuwa na la kuficha, wala leso ya kulifichia. Yule dada daktari alipitia vipimo mara mbili, kisha akamwita Mama Ndimu pembeni.

"Mama, hali hii si ya jana. Imekaa muda mrefu. Ingeonekana mapema, tungekuwa na cha kufanya. Kweli hakuwa na damu siku ile?"

Mama Ndimu alitazama sakafu. Ilikuwa imepigwa deki na dawa kali, na harufu yake ilimkwaruza koo. "Alikuwa nayo," akasema. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoa siri ya nguo, na haikumsaidia mtu.

Alikaa naye siku tisa. Siku ya saba mzee alipata nguvu ya utani. "Ndimu," akamwita, "shuka za hapa zimefuliwa vibaya." Wakacheka, yeye kwa pumzi yake fupi, mkewe kwa machozi. Mama Ndimu alitaka kumwomba msamaha. Akaona amwache apumzike, atamwomba kesho. Kesho yake mzee hakuweza tena kusema wala kusikia, na usiku wa siku ya tisa alikata roho.

Msibani watu walisema yanayosemwa. Mzee mmoja akatikisa kichwa: "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kweli tupu. Mama Ndimu, aliyekaa chini ukutani na binti yake, aliisikia akajiuliza: na aliyemsaidia kuficha, je, yeye anaumbuliwa na nani? Hakumwambia mtu. Binti alidhani mama analia kwa upweke tu, akamkumbatia.

Baada ya siku arobaini alikwenda kuifunga karakana. Alikunja mikanda ya msumeno, akafagia maranda, akafungua sanduku la vyombo ili amgawie mwanafunzi wa mumewe patasi na randa. Chini kabisa, chini ya kopo la misumari, kulikuwa na mfuko. Ndani ya mfuko kulikuwa na leso kumi na saba ambazo hakuwahi kuziona. Leso za bei rahisi, za kununuliwa dukani kimya kimya. Zote zimefuliwa, zimekunjwa vibaya kama anavyokunja mwanamume, na kila moja ina doa la kahawia katikati, gumu, limeganda kwenye nyuzi.

Pembeni kulikuwa na jiko dogo la mafuta, lile alilochemshia gundi. Mama Ndimu akaelewa. Mumewe alizifua mwenyewe pale karakanani, kwa maji ya moto.

Akaketi juu ya benchi la kazi. Zile Jumatatu za leso safi, zile nyimbo zake! Mumewe alikuwa ameona mke wake akimdanganya daktari kwa ajili yake, akaona haya kumbebesha mzigo ule tena, akaamua kuubeba mwenyewe. Na miaka yote waliyolala kitanda kimoja hakujifunza hata jambo dogo kuliko yote, kwamba damu ni maji baridi. Mama Ndimu alilia kwa sauti, mpaka fundi wa jirani akaja mlangoni, akamwona, akarudi zake taratibu.

Leso zile hakuzifua. Zingegoma hata hivyo. Aliziweka kabatini, kwenye rafu yake mwenyewe.

Alirudi kazini kwa kuwa mikono haikujua kukaa. Wateja wakarudi na mafuta yao, na chai zao, na kutu zao. Alikuwa akifua vizuri kama zamani, ila haimbi.

Ndipo asubuhi moja akaja dada mmoja mgeni mtaani, amevaa sare ya dukani, ana haraka ya kuwahi kazini. Aliweka fungu la nguo mezani: blauzi, taulo mbili, foronya ya maua. "Shikamoo mama. Nimeambiwa wewe unatoa kila kitu. Hiyo foronya nayo ina kidoa, nitaipitia jioni."

Mama Ndimu aliitikia, akaikunjua foronya. Wekundu, ukubwa wa yai. Chini yake palikuwa na kivuli cha doa la zamani, lililofuliwa vibaya. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwisha kushika kata ya maji baridi.

Akairudisha kata ndani ya ndoo.

"Mwanangu," akasema, "hii damu ni ya nani?"

Yule dada aligeuka mlangoni, uso umekunjamana. "Mama, mimi nimeleta nguo. Sikuleta maneno."

"Najua. Ni ya nani?"

Wakatazamana. Dada akafungua mdomo kutoa jibu la ukali, kisha akaona jinsi yule mama alivyoikumbatia foronya ile kifuani, na ukali ukamwishia njiani. "Ya mama yangu," akasema polepole. "Anasema ni meno."

"Ameanza lini?"

"Sijui. Huwa anafua mwenyewe. Hii nimeikuta chini ya godoro."

Mama Ndimu aliikunja foronya ile, doa likiwa ndani, akaifunga kwenye mfuko safi, akamrudishia. Blauzi na taulo akazibakiza.

"Hizi njoo jioni," akasema. "Hiyo siifui, na wewe usiifue. Mpeleke mama yako leo, na hiyo umpe daktari hivyo hivyo ilivyo."