Mtambo wa Mvua wa Bwana Nailoni

Mume wa dada yangu hakuwahi kukalia kochi lake. Alikalia nailoni iliyokuwa juu ya kochi. Walilinunua mwaka wa tatu wa ndoa, likaja na plastiki yake kutoka dukani, na plastiki ile ilipochanika alikwenda kununua nyingine. Rimoti ya televisheni aliitia ndani ya mfuko akaufunga kwa mpira. Mwavuli wake una ala, na ala ina mfuko. Mtaani wanamwita Bwana Nailoni, naye huitika bila kinyongo.

Ukitaka kumcheka, kwanza ujue kazi yake. Shemeji ni mfyatua matofali, mwaka wa ishirini na sita sasa. Anachimba udongo, anaukanyaga, anautia kwenye kalibu, halafu anayapanga matofali mabichi uwanjani yakauke kabla ya kuingia tanuruni. Tofali bichi lina adui mmoja. Mvua ya dakika kumi inageuza kazi ya wiki mbili kuwa tope. Mwaka wake wa kwanza alipoteza matofali elfu saba mchana mmoja, akiwa amekwenda kunyoa. Tangu siku hiyo hunyolewa uwanjani, amekaa juu ya ndoo, macho mawinguni, na kinyozi analalamika kwamba kichwa hakitulii.

Lakini huwezi kulifunika tofali mchana kutwa. Likikosa hewa linatoka jasho, halikauki, na tanuruni linapasuka. Asubuhi unafunua, jioni unafunika, na katikati unakaa unalinda wingu. Hiyo ndiyo kazi. Kufyatua ni sehemu ndogo tu.

Kwa hiyo nilipomwona ameingia dukani kwangu saa nne asubuhi, katikati ya msimu wa mvua, nilijua kuna jambo. Mimi nauza vifaa vya umeme vilivyokwisha kutumika: redio, pasi, feni, friji zenye uzima ndani yake.

"Nani analinda matofali?" nikamuuliza.

"Nimeyafunika. Yatatoka jasho, yatoke."

Alikaa juu ya friji niliyokuwa nimeiandika bei, nami nikamwacha. Dada alikuwa amelala tangu mwezi uliopita, moyo umechoka, miguu imevimba. Muuguzi alikuwa amepita jana yake, akasema tusihesabu miezi, tuhesabu wiki.

"Dada yako ameniomba kitu kimoja," shemeji akasema. "Siku yake ikifika, asiwe peke yake chumbani. Wageni hataki, maombi makubwa hataki. Hilo tu."

"Basi kaa naye."

"Nikikaa naye, matofali yanalowa. Yakilowa, dawa nanunua kwa pesa gani? Kwa udongo? Nikija kwako utanikopesha, halafu utanidai mpaka nione haya kukusalimia."

"Nitakudai polepole, shemeji."

Hakucheka. "Kutoka nyumbani mpaka uwanjani ni dakika kumi na mbili. Nimepima. Nikisikia mvua juu ya bati langu, nikifika kule nakuta supu." Akanyoosha kidole juu ya rafu. "Lile boksi lenye picha ya wingu. Uliwahi kuniambia linajua mvua kabla ya mvua."

"Linajua unyevu wa hewa, joto, upepo na mgandamizo. Mvua unaikisia mwenyewe."

"Kiasi gani?"

Nikamtajia. Akageuka akatazama duka zima, kona moja baada ya nyingine.

"Shemeji, mimi nanunua boksi. Sinunui duka."

"Ni mtambo kamili. Skrini ya ndani, vihisi vitatu vya nje, hakuna waya hata mmoja."

"Una vumbi la miezi minane. Kitu cha vumbi kina bei ya vumbi."

"Vumbi nakupa bure."

Tulivutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe nilikata theluthi, betri juu yangu na kazi ya kufunga juu yangu. Sikukata kwa huruma. Kitu kikikaa rafuni miezi minane kimeshaanza kukula wewe.

Nilikwenda kuufunga mchana uleule. Nyumba yao ina vyumba viwili na ua nyuma. Dirisha la chumba cha kulala linatazama ukuta wa jirani, umbali wa mkono mmoja, kwa hiyo ukiwa ndani hujui kama mbingu ipo. Dada alikuwa ameegemea mito mitatu.

"Mmeniletea redio?" akauliza.

"Mtambo wa kupima hewa," nikamwambia.

"Anza na yangu. Nione imebaki kiasi gani."

Shemeji aliinama akajifanya anatafuta bisibisi.

Mtambo wa aina hii una utaratibu wake. Unatia betri kwenye skrini kwanza, kisha kwenye vihisi, na vyote unaviweka pamoja mezani mpaka vitambuane ndipo uvipeleke nje. Nilipomweleza dada, akasema, "Kama wachumba. Kwanza mezani, halafu nje kwenye upepo." Kihisi kimoja kilikuwa vikombe vitatu vya kupima upepo. Cha pili kilikuwa faneli ya kupokea mvua, ndani yake kibembea kidogo kinachopinduka na kuhesabu kila kikijaa. Cha tatu ndicho chenye kazi: kisanduku cheupe cha joto na unyevu, kimetengenezwa kwa visahani vilivyopandana na nafasi katikati.

Shemeji alitaka vyote vikae juu ya bati, mahali mwizi hafiki.

"Bati likipigwa na jua litakipika kisanduku," nikamwambia. "Kitakudanganya."

Tukasimika nguzo katikati ya ua, mbali na kuta, kisanduku kwenye kimo cha kifua. Faneli ya mvua lazima ilale sawa, na hapo shemeji alitoa pimamaji yake mwenyewe akanipotezea nusu saa. "Tofali moja likilala vibaya," akasema, "ukuta mzima unajua." Nikatega kengele ya skrini ilie unyevu ukifika asilimia themanini na tano. Kule kwetu mvua ya mchana hutokea nyuma ya kilima, na kabla haijavuka hewa inakuwa nzito. Nilimwonyesha namba za kutazama, akazirudia mara mbili kwa sauti.

Nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje, nikamwambia, "Betri za kisanduku ziko upande wa chini, ndani ya kile kifuniko kidogo. Maji yakiingia humo, mtambo umekwisha."

Hiyo ilikuwa kweli. Nusu ya pili sikuisema: kwamba kisanduku chenyewe lazima kipigwe na hewa, ndiyo maana kina zile nafasi. Nilikuwa na mteja wa friji ananisubiri, na mteja wa friji hasubiri mara mbili.

Kwa siku kumi mtambo ulifanya kazi kuliko nilivyotarajia. Ulilia mara nne na mvua ikanyesha mara nne. Kila mara shemeji alifika uwanjani, yeye na mpanga matofali anayemsaidia wakashika ncha mbili za nailoni, wakafunika, na alikuwa amerudi nyumbani kabla nguo hazijamlowa vizuri. Saa zilizobaki za mchana alikaa na mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya msimu wa mvua tangu wajuane.

Nilipita siku ya saba. Shemeji alikuwa ameenda kuchota maji.

"Mwanamume huyu ana maneno," dada akaniambia. "Miaka yote nilidhani hana."

"Anasema nini?"

"Ananihesabia nyumba zote zilizojengwa kwa matofali yake, chumba kwa chumba. Nasinzia, nikiamka bado yuko kwenye jiko la mwalimu." Akavuta pumzi, akasubiri nyingine ije. "Juzi nilimwambia nataka kukalia kochi lenyewe. Akavua plastiki. Unajua lile kochi ni la kijani? Plastiki ilikuwa imeota unjano, nikazoea kwamba ni la kahawia."

Siku ya kumi na moja, saa saba mchana, fundi cherehani wa nyumba ya jirani alinipigia simu. Alisema, "Njoo kwa dada yako," akakata. Mtu akikata hivyo hakuna la kuuliza.

Nilisikia kengele ya mtambo kabla sijafika mlangoni. Ilikuwa inalia, inanyamaza, inalia. Dada alikuwa amefunikwa shuka mpaka juu. Shemeji alikuwa kwenye kigoda karibu na kitanda, tope limemfika magotini, anaitazama skrini. Unyevu: tisini na tisa. Nyuma yangu jua lilikuwa linachoma.

Fundi cherehani alinivuta pembeni akanieleza. Kengele ililia saa tatu. Shemeji akaenda, akafunika, akasubiri, wapi. Akafunua, akarudi. Ikalia saa tano. Akaenda, akafunika, wapi. Ilipolia mara ya tatu, saa sita na nusu, mkewe alimwambia, "Leo iache ilie. Kaa." Yeye akajibu, "Imesema kweli mara nne. Nusu saa tu, mke wangu." Akamwomba fundi cherehani awe anachungulia. Fundi cherehani alikuwa na mteja amesimama, kanzu imejaa pini, hawezi kumwacha hivyo. Alichungulia baada ya dakika ishirini.

"Alikuwa ameshakwenda," akasema. "Mguu mmoja ulikuwa chini sakafuni. Kama mtu aliyetaka kutoka."

Nikatoka uani. Sikuhitaji kutafuta. Kisanduku kilikuwa kimevikwa nailoni safi, tabaka mbili, kimefungwa chini kwa mpira, kwa unadhifu uleule wa rimoti. Ndani yake maji yalikuwa yameshika kila mahali kama pumzi kwenye kioo. Jana yake kulikuwa na mvua kubwa. Bila shaka shemeji aliona matone yanateremka kwenye kisanduku, akakumbuka onyo langu la betri. Mtu aliyejua kuliko mtu yeyote kwamba tofali likifunikwa linatoka jasho, hakuwaza kwamba kisanduku nacho kinatoka jasho. Kwake kulikuwa na vitu vya kukauka na vitu vya kutunzwa, na hiki alikihesabu katika vya kutunzwa.

Nilikata mpira kwa ufunguo, nikavua nailoni, nikaikunja nikaitia mfukoni. Baada ya muda kengele ikanyamaza. Nilikuwa bado nimesimama pale shemeji alipotoka.

"Mvua iko wapi?" akaniuliza.

Nimefanya biashara tangu nikiwa na betri nane tu za kuuza juu ya karatasi, na najua kupima bei haraka. Nikimwambia ukweli, ataubeba kila siku atakayoamka, na hakuna mtu wa kuununua kwake. Nikimwambia uongo, hasara ni yangu, na mimi hasara nimezoea kuigawa ikaisha.

"Mtambo mbovu," nikasema. "Ulikuwa mbovu tangu dukani."

"Ulijua?"

"Nilijua una kasoro. Nilitaka utoke rafuni."

Hakupandisha sauti.

"Na betri ukanipa bure," akasema. "Nikadhani ni undugu."

Nilimrudishia pesa yake yote siku ileile. Aliipokea mbele ya watu, bila kuihesabu. Makaburini alisimama upande wa pili, na kila mtu akaona.

Habari haikuhitaji mtambo kufika mtaani. Wapakia matofali waliibeba, kinyozi akaiongezea. Watu watatu walirudisha feni zisizo na tatizo lolote. Mteja mmoja aliniuliza kama pasi ninayomuuzia imewahi kuua mtu, nikamkatia bei akaondoka nayo. Biashara imepungua, haijafa. Mama yetu, ambaye amebakiwa na mtoto mmoja, hunipokea, lakini haniulizi lolote kuhusu siku ile. Mara mbili tatu ulimi umeniwasha nimwambie. Nikimwambia yeye, kesho shemeji anajua.

Shemeji amerudi uwanjani kutwa nzima, kuanzia asubuhi mpaka giza, hata siku zisizo na dalili ya mvua. Nyumbani hakuna anayemngoja. Mpanga matofali wake alipata kazi kwingine, na hajaweka mtu mpya.

Wiki iliyopita nilikuwa napita na mkokoteni wa bidhaa barabara ya juu ya uwanja wake. Wingu lilikuwa limevuka kilima, jeusi, na upepo umeshaanza. Nilimwona anapambana na ile nailoni kubwa peke yake. Akishika ncha hii, ile inapeperuka. Ile ni kazi ya watu wawili, haijawahi kuwa ya mmoja. Nikaacha mkokoteni, nikateremka, nikashika ncha ya pili.

Aliponiona alisimama. Halafu akaachia ncha yake. Hakuitupa, aliachia tu, na nailoni yote ikaburutwa na upepo juu ya matofali, ikayavunja ya safu ya mbele. Akakaa kwenye ndoo yake, mikono magotini, akatazama pembeni. Tone la kwanza lilinipiga shingoni.

"Funika, shemeji," nikasema. "Yanalowa."

"Yalowe," akasema. "Ukiwa hapa, yalowe."

Nikaiweka ncha yangu chini, nikaizuia kwa tofali moja zima, nikapanda barabarani kwa haraka kadiri nilivyoweza, ili apate kuanza kufunika.