Mama Alipojifunza Kusimama kwa Kiswahili

Enzi zetu za Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiwasaka wapiganaji wa msituni, sisi watoto wa Karurumo tuliohamishiwa kijiji kilichozungushiwa handaki na seng'enge, hatukufundishwa lugha na simu. Mjukuu wangu Muthoni amepata kazi ya kutunza wazee huko Japani, na simu ndiyo mwalimu wake wa Kijapani. Juzi alikuja kwangu, bibi yake, akilalamika.

"Cucu, hii lugha itaniua, aki! *Okiru* ni kuamka, *tatsu* ni kusimama, *suwaru* ni kukaa. Nazichanganya zote."

Nilicheka, kisha nikamkumbuka mama.

Mama alijua Kiembu tu. Askari wa langoni walitoka mbali, na amri zao zilikuwa za Kiswahili. Mwanamke aliyekaa alipoambiwa asimame alionja kiboko, na asiyepita lango hakufika shambani, wala hakuwa na cha kutia chunguni. Mimi nilikuwa nimeanza shule. Basi jioni, githeri ya mahindi na maharagwe ikitokota na moshi ukituwasha macho, nikawa askari wake. Nilishika mwiko, nikapaza sauti: "Chuchumaa!" Akachuchumaa. "Simama!" Akasimama, mgongo ukimuuma kwa kuchimba handaki mchana kutwa. Akikosea tulicheka mpaka machozi, naye akisema, "Rudia, mwanangu. Yule wa kesho hatacheka."

Asubuhi moja nilimsindikiza hadi karibu na lango. Askari akafoka, "Kaa! Simama! Chuchumaa! Simama!" Mama alifuata kila neno, kisha akapita na kiondo chake bila kugeuka nyuma. Jamani, nilivyojivunia! Jioni alirudi na viazi vitamu, nikapewa kikubwa kuliko vyote. Utamu ule sijauonja tena.

Kwa hiyo nilimwambia Muthoni aweke simu chini. Vijana wa leo mnataka kujifunza kusimama mkiwa mmelala kwenye kochi! Aite yeye, nitende mimi.

"*Suwaru!*" Nikakaa. "*Tatsu!*" Nikajaribu kuinuka, goti likagoma. Mara moja akaja, akapitisha mkono chini ya kwapa langu.

"Polepole, Cucu. Kazini ndivyo tutafanya. Ukimwambia mzee asimame, unamshika."

Nilisimama nimemwegemea, na hamu ya kumwona mama ikanijaa kifuani. Yeye alikufa akiijua ile simama ya kiboko tu, si hii ya kushikwa mkono.