Shangazi Aliyekataa Kunadi

Mama yule muuza mitumba, mzee wa kanisa, huwakera wenzake sokoni kwa kuwa hataji bei kabla hajakuonyesha kasoro. Huinua shati kwenye mwanga, vidole vyake vikavu vikipapasa kwapa na pindo, kisha husema kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu asubuhi, "Hapa pameliwa. Ukitaka, chukua." Wenzake humtania kwamba atakufa na marobota yake. Yeye hufuta miwani, akiguna.

Juzi walimjia wazazi wa binti anayeposwa na mtoto wa kaka yake. "Shangazi, wewe ndiye uliyemlea," mama wa binti akasema. "Anatufaa?" Kaka yake, baba wa kijana, alikuwa pale pale, akimkonyeza. Muuza mitumba akakunja suruali, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nampenda kuliko niliowazaa. Ila akikasirika hupiga. Mke wa kwanza aliondoka kavunjika mkono."

"Dada, umetumaliza!" kaka akafoka. "Mlokole gani asiyesamehe?"

"Nilishamsamehe. Lakini mtoto wa watu haolewi kwa kufumbwa macho."

Jioni kijana mwenyewe akaja, macho mekundu. "Shangazi, umeniharibia."

Shangazi hakujitetea. Alivua viatu, akanyoosha miguu iliyovimba, akamsogezea kigoda. "Kaa. Kesho tunakwenda kwa yule uliyemvunja mkono. Nitasimama karibu yako mpaka umalize kumwomba radhi, lakini kuongea utaongea wewe."

Kijana alisimama kitambo, kisha akakaa.