Seremala Aliyekalia Mikono Yake

Abdulghani bin Mwinshehe alikuwa seremala wa kutafutwa, kuanzia Kayanga mpaka kwenye kivuko cha Murongo, na aliyetaka mlango wake uwe tayari kabla ya masika ilimbidi aje mapema, tena aje na maneno matamu. Baba yake alikuwa mtu wa Pangani aliyepanda bara na misafara. Alifika Karagwe, akaona migomba, akamwona mama yake Abdulghani, na habari za kurudi pwani zikaishia hapo. Kijana mwenyewe alipelekwa Pangani kwa ndugu za babake ili ajifunze kazi kwa fundi aitwaye Mbwana. Aliporudi alikuwa na randa mbili, msumeno, patasi, na Kiswahili cha kujivunia, ingawa alipokasirika alikasirika kwa Kinyambo, lugha ya mama yake.

Alikuwa amekwisha vuka miaka arobaini, binti yake Mwaja ameolewa na mfanyabiashara wa Murongo, mkewe Zuena anauza maandazi na kahawa kwa wapita njia, wakati Wadachi walipofungua shule ndogo Kayanga. Shule ilitaka madawati. Abdulghani akayachonga kwa mbao za msizi, akayabeba na vibarua wake mpaka kwenye kile kibanda cha udongo kilichoezekwa nyasi, kisha akarudi siku nyingine kutundika ubao mkubwa.

Mwalimu alikuwa Othman bin Shamte, kijana mwembamba aliyesomea ualimu pwani, mwenye kanzu safi kuliko ya mtu yeyote mjini. Ubao uliponyooka ukutani hakumngoja fundi akusanye vyombo vyake. Alichukua chaki akaanza kuwafundisha wakubwa, vijana wenye ndevu changa, wengi wao watoto wa makatikiro, wakuu wa mfalme, waliotakiwa wawe makarani na wakalimani.

Akachora pembetatu. Upande mmoja akaandika tatu, wa pili nne, na ule mrefu tano.

Abdulghani, aliyekuwa amepiga magoti akiokota misumari, akatabasamu. Hiyo aliijua. Fundi Mbwana alimfundisha kamba yenye mafundo, tatu na nne na tano, ndiyo inayonyoosha pembe ya nyumba. Alikuwa ameitumia maisha yake yote.

Lakini Othman hakuishia hapo. Alizidisha kila upande kwa wenyewe, akajumlisha zile mbili fupi, zikatoka sawa na ule mrefu. Kisha akachora pembetatu nyingine, tano na kumi na mbili, akauliza upande wa tatu ni nini. Vijana wakahangaika na vibao vyao. Mmoja akasema kumi na tatu, na ndivyo ilivyokuwa.

Abdulghani alibaki amepiga magoti, ngumi imejaa misumari. Alikuwa kama mtu aliyemzoea mtoto mmoja wa nyumba fulani miaka yote, akikutana naye sokoni na kusalimiana, halafu siku moja anakaribishwa ndani na kukuta ukoo mzima umekaa.

"Mwalimu," akasema, "hata kama upande mmoja ni dhiraa saba na nusu?"

"Hata hiyo, fundi."

"Na boriti ya paa, je? Naweza kuujua urefu wake kabla sijapanda kuipima?"

"Kabla hujapanda."

Alikwenda nyumbani bila kuchukua msumeno wake. Zuena alimkuta ameketi uani, amechora kwa kijiti udongoni mpaka kwenye mlango wa jiko.

"Baba Mwaja, nikitoka na sufuria nitaikanyaga mistari yako."

"Ikanyage. Naweza kuichora tena." Akainua uso. "Mama Mwaja, nimekata boriti ngapi fupi maishani, nikazitupa?"

"Nyingi. Nimezipikia."

Siku chache baadaye alikwenda kwa Othman akamwomba amfundishe. Othman alidhani anataka hesabu za kazi yake, akakubali mara moja. Abdulghani akatikisa kichwa. Alitaka hesabu yote, kutoka mwanzo, halafu aifundishe. Alisikia kwamba shule ilitaka mwalimu msaidizi.

"Una kazi nzuri, fundi," Othman akasema. "Watu wanakuheshimu. Hapa utakaa na watoto."

"Madawati nayajua. Hayavunjiki."

Mjini maneno yakaenea. Shemeji yake Abdallah, mwenye duka la nguo, aliyekuwa akingoja milango miwili, alikuja mpaka barazani kumwuliza kama ni mgonjwa. Zuena ndiye aliyejibu. Alisema mume wake hakuwa mgonjwa, ila kazi imehama kutoka mikononi imepanda kichwani, na milango ya shemeji itamaliziwa na Kabyazi, fundi mwenzake, ambaye tangu zamani ndiye aliyekuwa akiirekebisha milango ya Abdulghani inapogoma. Abdulghani alitaka kubisha kuhusu hilo la mwisho, akaona ni afadhali anyamaze. Usiku huo alimwuliza mkewe kama kweli ameridhika.

"Wewe ulishaondoka siku ile uliporudi na chaki kwenye kofia," Zuena akasema. "Mimi najifunza kukuzoea tu."

Basi akaanza. Dawati lilikuwa fupi, kwa sababu alilichonga kwa ajili ya watoto, na magoti yake yaligonga mbao kila alipogeuka. Ikazuka pia shida ya salamu. Othman, kwa adabu, alimwamkia shikamoo kila asubuhi, na watoto wakaangua kicheko kuona mwalimu akimwamkia mwanafunzi. Baada ya juma moja wakapatana: njiani, Othman atamwamkia mkubwa wake, ndani ya darasa, mwalimu akiingia wote watasimama, na Abdulghani naye, magoti yakiuma au yasiume.

Shida kubwa zaidi ilikuwa tarakimu. Alizozijua zilikuwa zile za chuoni, alikosomea Kurani, zilizoandikwa kwa Kiarabu, ambamo kiduara ni tano na sifuri ni nukta. Siku moja Othman alimwandikia kumi mara kumi kwenye kibao. Abdulghani alifanya kazi kwa muda mrefu, akitoa ulimi pembeni kama alivyozoea anapochonga, kisha akaleta jibu: mia mbili ishirini na tano.

Othman alilitazama jibu, akamtazama fundi, akalitazama tena. Halafu akaketi kwenye dawati na kucheka mpaka akajifuta macho kwa kilemba.

"Umesoma kumi na tano mara kumi na tano," akasema. "Na umepata sawasawa. Mimi mwenyewe nilipoanza kule pwani nilimwambia mwalimu wangu kwamba watu hamsini ni watu hamsini na tano. Alinichapa."

Abdulghani naye akacheka. Kuanzia siku hiyo alitia nukta ndani ya kila sifuri aliyoandika, ili akumbuke, na ilimchukua miezi kuiacha tabia hiyo.

Alijifunza haraka. Sehemu za nusu na robo alizikamata kwa sababu ya mbao, na hesabu za kuzidisha alizikariri akitembea kati ya migomba, huku wanawake wa kijiji cha Chonyonyo waliokuwa wakivuna buni wakimwitikia kwa Kinyambo majibu ya kumpoteza. Mwaka wa pili Othman akampa darasa la wadogo ili ajaribu kufundisha.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Somo lilikuwa kutoa, na kukopa kutoka makumi. Mtoto mmoja, Katabaro, alisimama ubaoni akakwama. Abdulghani alimtazama kidogo, mikono ikaanza kumwasha, akamnyang'anya chaki na kumaliza mwenyewe. Mtoto wa pili akakwama. Akamaliza pia. Kufikia mwisho wa kipindi ubao ulikuwa umejaa hesabu safi, zote za mwandiko wake, na watoto walikuwa wakitazama nje, ambako mbuzi wa jirani alikuwa akila nyasi za paa.

"Leo umefanya hesabu nzuri, fundi," Othman akasema walipobaki wawili. "Na watoto?"

"Wameona."

"Wameona," Othman akarudia taratibu, bila ubaya. "Wewe ulijifunzaje useremala?"

Abdulghani akataka kusema kwa kuona. Kisha akakumbuka. Fundi Mbwana alikuwa mtu wa kunyang'anya. Ukikosea kidogo tu, msumeno umetoka mkononi mwako. Miaka miwili Abdulghani alishika taa, akashika mbao, akaona, na hakujua kitu. Kisha Mbwana akapatwa na homa kali wakati kulikuwa na mlango wa msikiti wa kumalizia. Akabaki peke yake na mlango ule, akaukosea mara nyingi, kisha akafaulu. Ndiyo siku aliyokuwa fundi.

"Alipougua," akasema.

Othman hakuelewa, ikabidi amweleze. Alipokwisha kueleza, kila mmoja akatia buni mdomoni akatafuna.

"Basi ugua," Othman akasema. "Usife, lakini ugua."

Ilikuwa rahisi kusema. Kesho yake Abdulghani alijifunga ahadi asiiguse chaki ya mtoto, na kabla jua halijapanda alikuwa ameivunja mara tatu. Mikono ilikwenda yenyewe. Akajaribu kuifunga nyuma, ikajifungua. Akajaribu kuiweka mfukoni, lakini kanzu yake ilikuwa na mfuko mmoja. Mwishowe alivuta kigoda mbele ya darasa, akakaa juu ya viganja vyake vyote viwili, akabaki hivyo kama mtu aliyekalia mayai. Watoto walimtazama kwa mshangao. Zuena, aliyekuwa akileta maandazi, alichungulia dirishani, akaenda kusimulia soko zima.

Lakini ikafaa. Alipokosa mikono, ilimbidi aulize. Hii umeipata wapi? Ukikopa kumi, nani amepungukiwa? Akagundua kwamba mtoto akiachwa kimya kwa muda unaomchosha mtu mzima, mara nyingi alikuwa hajalala. Alikuwa anatembea huko ndani, na usipomwita hufika.

Mwisho wa mwaka huo mkaguzi alikuja, Mdachi mpana mwenye Kiswahili cha mkato, amechoka na njia na kuumwa na mbu. Alikuja kumpima msaidizi kama anafaa kupewa darasa. Abdulghani hakula asubuhi hiyo. Alimwita Katabaro ubaoni, akampa hesabu ya kutoa yenye sifuri mbili katikati, ambayo hata wakubwa huiogopa, kisha akaenda kukaa kwenye kigoda chake, juu ya mikono yake.

Katabaro alisimama. Akaandika tarakimu, akaifuta kwa kiganja. Akasimama tena. Nje mwanamke alimwita mwanawe, akaitika, wakaongea kidogo, wakamaliza. Mkaguzi aliuweka mguu mmoja juu ya mwingine, akaurudisha. Mwishowe alimwinamia Othman.

"Huyu mwalimu amelala?"

"Hapana, bwana. Anafundisha."

Jasho lilikuwa likimtiririka Abdulghani mpaka shingoni, na viganja vilikufa ganzi. Kama angeweza, angeruka na kuimaliza hesabu ile kwa pumzi moja. Katabaro akaanza kunong'ona peke yake kwa Kinyambo, anahesabu nani amekopa kwa nani, akavuta mstari, akaandika jibu, akageuka. Halikuwa na kosa. Abdulghani alimwuliza tu amejuaje, na mtoto akaeleza kuanzia mwanzo, huku wenzake wawili wakimkatiza kumsahihisha maneno.

Mkaguzi alisema kwamba msaidizi huyu ni mpole kupita kiasi na kwamba darasa lake linakwenda polepole. Hakufurahi. Lakini aliwapima watoto mmoja mmoja kwa hesabu alizozitunga mwenyewe, akakuta wanazijua, akampa darasa. Jioni Othman alileta habari kwamba yeye anahamishiwa Bukoba, na kwamba hesabu za wakubwa pia zitakuwa za Abdulghani.

"Unaniachia mzigo," Abdulghani akasema.

"Nakuachia pembetatu. Ulizipenda kabla hujanipenda mimi."

Zuena alipika ndizi kwa nyama, akamwalika Abdallah, aliyekuja na kanzu mpya kwa mwalimu mpya, yenye mifuko miwili. Alisema ni ya mikono.

Ukawa mwaka wa kwanza wa Abdulghani peke yake. Asubuhi moja alikuwa amewachorea wakubwa zile pembetatu, tatu na nne, tano na kumi na mbili, wakazifanya vizuri. Kijana aitwaye Bitegeko, wa kutoka upande wa Kyerwa, asiyependa kusema, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kama upande mmoja ni moja, na wa pili nao ni moja, ule mrefu ni ngapi?"

Abdulghani alisema tuone. Moja mara moja ni moja, na moja tena, jumla mbili. Basi ni namba gani ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata mbili? Moja haifiki. Mbili inapita. Akajaribu moja na nusu, ikapita kidogo. Akajaribu moja na robo na nusu ya robo, ikapungua. Akaona uso wa Bitegeko ukimngoja.

"Sijui," akasema.

Vijana wakatazamana, kwa kuwa hawakuwahi kumsikia mwalimu akisema hivyo. Hata yeye hakuwahi. Alijisikia vizuri ajabu.

"Tuitafute," akasema, akampa Bitegeko chaki.

Waliitafuta asubuhi nzima. Kila sehemu waliyoitunga ilipita au ilipungua, kila mara kwa tofauti ndogo zaidi, na vijana wakaanza kugombea ubao. Kengele ya adhuhuri ikalia, hakuna aliyetoka. Zuena alituma mtu kuuliza kama mwalimu hali, na yule mtu naye akakaa kwenye dawati la nyuma, akasema jaribu moja na sehemu mbili za tano.

Ikapungua.