Kasha Langu na Kona ya Mpwa Wangu

Dada yangu ni matroni wa shule ya viziwi, nami ni seremala wa hapo hapo. Watu husema nilipata kazi kwa mgongo wake. Waseme. Nani mwingine angewatengenezea vitanda visivyolia? Mpishi hunitania eti hata vikilia, nani atasikia. Wivu huo.

Dada alifika hapo mjane, binti yake mgongoni. Mtoto akakulia bwenini; kabla hajajua kuita "mama" kwa mdomo, alikuwa akiomba uji kwa vidole. Majirani wakatuonea huruma: huyu ataishia kuwa bubu. Dada akawajibu, "Mwacheni. Lugha si mzigo."

Basi ikafika siku ya kuapishwa rais, ya kwanza nchini kwetu ambayo anayeondoka amekubali kushindwa kwa kura, akaja mwenyewe kumkabidhi mwenzake. Na mkalimani wa lugha ya alama kwenye televisheni? Mpwa wangu! Tukajazana bwaloni, walimu, wapishi na wanafunzi. Dada alivaa gauni analolitunza kwa harusi za watu.

Televisheni ya shule imo ndani ya kasha nililolichonga mimi, mbao ngumu pande zote. Mwizi akiliona anaacha wizi, anakwenda kulima.

Ilipowashwa tu, wanafunzi wakaanza kuulizana kwa mikono: mkalimani yuko wapi? Nikatazama. Chini kulia kulionekana ncha ya kiwiko. Kiwiko tu! Sehemu yake yote iliyobaki ilikuwa nyuma ya ubao wangu, uliofunika kona ya kioo.

Mpishi akaangua kicheko. "Fundi! Umemfungia mpwa wako kabatini!"

Dada hakucheka. "Kaka, mimi nitamwona nyumbani. Hawa kiapo watakipata wapi?"

Nikachukua nyundo na patasi. Mwalimu Mkuu akaruka. "Usiguse, fundi! Jaji ameshasimama! Utatuzimia!"

"Mkuu, nani kakwambia mkono wangu unazima vitu?" Nikagonga. Kasha likagoma kufa. Nasema hivyo mjue ubora wake. Nikagonga tena, jasho likinitiririka, na ubao ukaachia wakati ule ule rais mpya anainua mkono wake kuapa.

Ndipo tukamwona, ndani ya kidirisha chake, uso mzito, vidole vinakimbia. Mikono yote bwaloni ikatulia. Kwao huo ndio ukimya. Kiapo wakakipata sawa na taifa zima. Mpwa wangu alipofika kwenye neno "ahadi", alilionyesha kama wanavyolionyesha bwenini kwetu, si kama wanavyofundisha vyuoni. Msichana wa mstari wa mbele akamgeukia dada, akajipiga kifuani: ya kwetu hiyo!

Kiapo kilipokwisha wakainua mikono juu na kuitikisa, ndiyo makofi yao. Walimu wakatikisa, mpishi akatikisa na mwiko wake. Hata mimi, nyundo mkononi, watu wakinikwepa.

Dada akanishika bega. "Asante, kaka. Katika vyote ulivyowahi kutengeneza, kizuri zaidi ni hiki ulichovunja."

Ubao ule sijaurudisha, na Mwalimu Mkuu hajaniuliza.